Sakafu ya futi 32 kwa 16: shajara ya onyesho letu la dansi mpya, Mbeya

Shajara hii ni ya mwalimu yeyote wa dansi aliyeko Njombe, Songea, Sumbawanga au kwingineko, mwenye wachezaji na hamu lakini hana ukumbi. Kikundi chetu kiko Mbeya. Tuna wachezaji tisa, wasichana sita na wavulana watatu, wa miaka 15 hadi 24. Baleti nimewafundisha mimi kwa miaka minne. Ngoma wamezikuta nyumbani kwao. Mwaka huu tunaandaa onyesho la kazi tatu mpya, zilizotungwa na watunzi watatu wa Kitanzania kwa ajili ya wachezaji hawa hawa tisa. Nitaandika kila hatua inapokamilika. Bei zote ni kwa shilingi, na ni zile tulizolipa sisi.

Wazazi wameniuliza mara nyingi kwa nini tusicheze baleti za zamani ambazo dunia nzima inazijua. Giselle, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1841, inataka safu nzima za wasichana waliovaa meupe, na mimi nina sita. Marehemu Dada Masilo wa Afrika Kusini (Dada ni jina lake) aliichukua Giselle hiyo akaijenga upya kwa miguu ya kwao, na mwaka 2017 akaitoa mbele ya watu. Ninamheshimu sana kwa kazi ile. Ila mimi nilitaka tuanze hatua moja nyuma zaidi: mtunzi aje, awatazame hawa watoto wanavyotembea, ndipo atunge.

6 Februari. Saruji

Ukumbi tulipata mwezi wa kwanza: godauni la zamani la mahindi upande wa Iyunga, bati juu, saruji chini, kodi 150,000 kwa mwezi. Nilifurahi mno, nikaanza mazoezi kesho yake. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote yatakayosomwa humu.

Wiki ya tatu, mchezaji wetu mdogo kuliko wote akaanza kusema ugoko unamuuma. Nikamwambia apashe mwili vizuri zaidi kabla ya kuruka. Wiki ya nne nilimkuta nje, amekaa kwenye kizingiti, soksi ameishusha, anaubonyeza mfupa kwa kidole gumba taratibu kutoka chini kwenda juu, akipatafuta mahali penyewe. Alipopafikia alifumba macho, akakaa hivyo. Hakulia. Nikajua nimemchelewesha.

Daktari alimpa wiki sita bila kuruka. Kisha akaniuliza wanarukia wapi. Nilipomjibu, alitikisa kichwa tu.

Mtu akiruka na kutua, nguvu inayompanda mguuni ni mara kadhaa ya uzito wake. Saruji hainyonyi chochote, inairudisha yote mfupani. Bibi zetu walicheza ing'oma, ngoma ya kwetu, kwenye udongo, na udongo hata ukishindiliwa namna gani bado una huruma. Nimesimamisha kuruka kwa kikundi kizima mpaka tupate sakafu ya mbao inayonepa.

24 Februari. Tairi, halafu godoro

Sakafu ya dansi inatakiwa inepe kidogo mtu anapotua, imrudishe, kisha itulie. Ikinepa mno, kifundo cha mguu kinayumba. Ikikataa kunepa, tumerudi kwenye saruji.

Jaribio la kwanza: plaiwudi juu ya vipande vya tairi, tulivyonunua kwa mafundi wa katambuga kwa 40,000. Mpira wa tairi la lori una nyuzi na waya ndani, ni mgumu. Uzito wa msichana wa kilo 48 hauusumbui hata kidogo. Tulijenga kona moja, wavulana wakairukia, wakasema ni saruji iliyovaa koti.

Jaribio la pili: sponji la godoro, 96,000. Dakika tano za kwanza kila mtu alicheka kwa raha. Kisha nikamwambia mmoja asimame kwa mguu mmoja kwenye ncha za vidole. Plaiwudi ikazama upande wake, ya jirani ikabaki juu, na katikati ukatokea mdomo wa sentimita mbili. Mguu ukiingia pale, unavunjika. Tulilitoa siku hiyohiyo.

11 Machi. Mbao mbichi

Malori ya mbao za paini yanapita Mbeya kila siku kutoka Mafinga, kwa hiyo nilidhani mbao ndilo jambo rahisi kuliko yote. Nilikwenda mwenyewe, nikachagua za bei nafuu, 180,000, nikazipanga godauni. Fundi sikumshirikisha.

Baada ya siku kumi zilikuwa zimejikunja kama nyoka. Fundi wetu seremala, mzee wa Uyole, alipoziona hakusema kitu kwanza. Aliinua moja, akaisogeza hadi jichoni, akafumba jicho la pili kama mtu anayelenga. Akaishusha.

"Mwanangu, hii bado inakunywa maji."

"Shikamoo mzee, nilikosea."

"Marahaba. Kosa lako ni kuja sokoni na macho peke yake."

Akanifundisha pale pale. Mbao mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole inasema *pu*. Kavu inasema *ko*. Ukiisogeza shavuni, mbichi ina ubaridi hata mchana wa jua. Mbao zile hazikutupwa, zimegeuzwa kuwa mabenchi ya watazamaji, lakini kwenye hesabu naziandika hasara, kwa sababu mabenchi hayakuwa kwenye mpango.

30 Machi. Sakafu imesimama

Hii ndiyo iliyofaulu. Anayetaka kuiga aisome polepole.

Plaiwudi 16 za milimita 18, kila moja futi 8 kwa 4. Kila plaiwudi ni kipande kinachojitegemea, chenye fremu yake chini, ili tuweze kufungua na kusafiri nayo. Zikiungana, nne kwa nne, zinafanya futi 32 kwa 16.

Fremu ina tabaka mbili za mbao kavu za inchi 2 kwa 2. Za juu zinakwenda kwa urefu, za chini zinakatiza. Siri iko chini kabisa: chini ya tabaka la pili tumegundisha vipande vya soli za ndala, vya ukubwa wa kiberiti, lakini havikuwekwa pale ambapo mbao mbili zinakutana. Vimewekwa katikati ya makutano. Kwa hiyo mtu anapotua, ubao unapata nafasi ya kujipinda kati ya nukta mbili za kuegemea, kisha unarudi. Mnepo mwingi unatoka kwenye mbao. Ndala inazuia tu mlio na mtikisiko. Gunia la mabaki ya soli tulipata kwa 25,000.

Vipande vinaunganishwa kwa bolti pembeni. Tulianza kwa misumari, na siku ya pili sakafu ikaanza kulia kila hatua, *kwii, kwii*, kama kitanda cha chuma. Fundi aling'oa misumari yote, akaweka skrubu, na kwenye kila mgusano wa mbao na mbao akapaka nta ya mshumaa. Ikanyamaza, isipokuwa kipande namba 11.

Gharama: plaiwudi 992,000, mbao 210,000, skrubu 72,000, ndala 25,000, bolti 60,000, fundi siku tisa 270,000. Jumla 1,629,000. Ukiongeza tairi, godoro na mbao mbichi, sakafu imetumeza 1,945,000. Ningesoma shajara kama hii kabla, ningeokoa 316,000.

Juu yake tumetandika kapeti la plastiki linalouzwa kwa mita Mwanjelwa, mita 30 kwa 270,000. Upande wenye maua ulikuwa unateleza kama sahani. Tukaligeuza. Mgongo wake wa kijivu hauna mng'ao, unashika mguu vizuri, na taa haziakisi.

Leo yule mdogo amemaliza wiki zake sita na daktari amemruhusu. Nilimwomba awe wa kwanza. Alisimama katikati akiwa peku, akaruka kidogo mara moja, akasikiliza mguu. Akaruka tena, juu zaidi. Halafu akaendelea kuruka bila kuhesabu, na sikumwambia aache.

14 Aprili. Mtunzi wa kwanza, na mvua juu ya bati

Mtunzi wetu wa kwanza anaishi Songea, na amekulia upande wa Mbamba Bay akitazama ngoma ya mganda. Mganda ulikua mwambao wa Ziwa Nyasa kutokana na beni (ngoma iliyoiga bendi za kijeshi) na gwaride la askari baada ya Vita Kuu ya Kwanza: mistari iliyonyooka, mavazi meupe, ngoma kubwa, na vibuyu vinavyopulizwa vikalia kama tarumbeta. Baleti nayo ilipata sheria zake kwenye kasri la Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, aliyeanzisha akademia ya dansi mwaka 1661. Mtunzi alipowaona vijana wangu wamejipanga kwenye mazoezi ya asubuhi, alisema mistari hii anaijua: mmoja ulitoka kwa mfalme, mwingine kwa askari, na yote miwili inamtaka mtu asitoke nje ya safu. Kazi yake inauliza nini kinatokea mmoja akitoka.

Alikuja na muziki kwenye simu. Saa kumi jioni mvua ikaanza. Anayeijua Mbeya ya mwezi wa nne anajua mvua ikipiga bati inakuwaje. Spika tulifungulia hadi mwisho, ikawa inakoroma tu. Siku tatu mfululizo tulipoteza saa mbili mbili.

Siku ya nne aliizima spika. Akawaambia wachezaji wajihesabie kwa kupiga mguu. Ndipo sote tukagundua jambo ambalo fundi hakuwa ameniambia: sakafu ile ina uwazi chini yake, kwa hiyo ni ngoma. Miguu tisa ikishuka pamoja, sauti inatoka chini nzito na ya duara, na mvua haiifuniki. Mtunzi alilala kifudifudi, akaweka sikio kwenye kapeti, akawaomba warudie. Akarudia kuwaomba mara nne.

Godoro lingeiua sauti hii kabisa. Saruji ingeitoa kavu. Tangu jioni ile muziki wa simu umeondoka. Kazi ya kwanza ina ngoma moja kubwa, mpulizaji mmoja wa kibuyu, na sakafu.

Bado tunavutana kwenye jambo moja. Mguu wa baleti umefundishwa kutua bila kusikika, na wa mganda umefundishwa kusikika. Wasichana wawili wanaona aibu kukanyaga kwa nguvu. Miaka minne nimewaambia watue kama paka. Mtunzi amewapa wiki nzima ya kutembea tu, hatua kwa hatua, kisigino kikigonga.

10 Mei. Wiki mbili za upande usio sahihi

Mtunzi wa pili ni dada wa Iringa, mwalimu wa shule, kwa hiyo angeweza kuja mara tatu tu. Kazi yake ni ya wasichana watatu wanaocheza kwenye ncha za vidole, na ameitoa kwenye ususi wa vikapu vya milulu, nyasi za kusukia: mikono inavyopita juu, chini, ikavuta, ikakaza. Tulikubaliana atutumie hatua kwa video za simu.

Wasichana walijifunza kwa bidii siku 14. Alipofika kwa mara ya kwanza, aliweka mfuko chini, akasema tuone. Walipoanza, uso wake ukabadilika. Aliwaacha wamalize. Kisha akauliza kwa upole: "Mbona mnasuka kwa kushoto?"

Alikuwa amejirekodi kwa kamera ya mbele, na simu yake imewekwa ihifadhi picha kama kioo. Kulia kulikuwa kushoto, kila mzunguko ulikwenda kinyume. Kwa anayecheza kwenye ncha hili ni zito: kila mmoja ana upande anaozunguka kwa usalama, na sisi tulikuwa tumewafundisha watatu kuzunguka upande wao mbovu.

Marekebisho yaligharimu siku tisa. Sasa tunafanya hivi: mtunzi anarekodiwa na mtu mwingine, kamera ya nyuma, akiwa ameipa mgongo ili mchezaji amfuate moja kwa moja. Mkono wa kulia unafungwa utepe mwekundu. Mwanzo wa kila video anasema kwa sauti, "Huu ndio wa kulia."

Kitu kimoja kilibaki. Walipokuwa wanajisahihisha, mmoja alisahau akasuka kwa kushoto huku wenzake wakisuka kwa kulia. Mikono ikakatizana, ikafanya kitu kama mshono wa kweli wa kikapu. Dada alipiga kelele ya furaha. Sasa imeandikwa hivyo, na msichana huyo ndiye anayeiongoza kazi.

28 Mei. Viatu, chai na vanishi

Viatu vya ncha, vile vyenye kisanduku kigumu mbele, tulipata jozi sita za mtumba kutoka Nairobi, 70,000 kila jozi. Vyote vya rangi ya waridi. Rangi hiyo ilichaguliwa ili mguu uonekane mrefu usiokatika, lakini mguu uliofikiriwa ulikuwa mweupe. Kwa wasichana wangu, waridi inaukata mguu kwenye kifundo kama soksi. Kikundi cha Dance Theatre of Harlem cha New York, kilichoanzishwa 1969, kilishaona hili zamani, wachezaji wake wakaanza kuvaa soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao. London, viatu vya ncha vya rangi ya kahawia vilianza kutengenezwa na kampuni ya Freed, kwa kushirikiana na kikundi cha Ballet Black, mwaka 2018 tu. Hadi leo wengi hupaka vyao kwa mkono.

Sisi tuna chai ya Rungwe. Nilichemsha majani mengi, nikaacha ipoe, nikatumbukiza jozi moja kwenye beseni. Rangi ilishika vizuri sana. Kisanduku kikalainika kama andazi lililochovywa. Hakina mbao wala chuma ndani yake, ni tabaka za kitambaa na gundi ya maji, na mimi nilikuwa nimeirudisha gundi kuwa uji. Jozi ikafa, 70,000.

Njia inayofaa: chai nzito iliyokolea hadi nyeusi, pamba iliyokamuliwa, unapangusa kitambaa cha nje tu, haraka. Ndani umejaza gazeti kavu. Unakausha kivulini, kesho unarudia. Mara tatu. Wasichana wawili chai iliwatosha. Wa tatu ngozi yake ni nyeusi zaidi, tukachanganya na kahawa ya Mbozi. Alipovifunga mara ya kwanza na kunyoosha mguu, aliutazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, mguu wangu haukomi."

Viatu vya mtumba vimechoka. Fundi aliponiona nahangaika akaleta chupa ya shelaki, ile vanishi ya magamba inayoyeyushwa kwa spiriti. Matone machache ndani ya kisanduku, usiku mmoja kukauka, kikarudia ugumu. Chai, kahawa na shelaki vyote 18,000. Na kwa ncha kuteleza tunatumia lile pande la utomvu mkavu ambalo mafundi redio wa Kabwe huchovya ncha ya soldaringi. Likisagwa, unagusa kidogo tu chini ya kiatu. Msichemshe utomvu mbichi wa paini nyumbani kujitengenezea. Tapentaini iliyomo ndani yake inashika moto.

21 Juni. Baridi na pumzi

Mtunzi wa tatu ametoka Dar es Salaam. Kazi yake ni ya kukimbia: wote tisa, mizunguko mirefu, wanapokezana kubebana. Siku ya kwanza aliwaonyesha yeye mwenyewe, na mzunguko wa tatu aliinama akashika magoti. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, yeye amezoea kuishi karibu na mawimbi. Jioni hiyo akakata nusu ya mbio akisema hazichezeki huku.

Wachezaji walikuja kwangu kunong'ona. Wao walizaliwa huku, wengine wanapanda vilima kwenda shule. Nilimwomba mtunzi akae, awatazame wakizicheza zote kama alivyozitunga mwanzo. Walizicheza mara mbili mfululizo. Akazirudisha, akaongeza mzunguko mmoja. Niliwapenda sana siku hiyo, kwa jinsi walivyosubiri wakaomba kwa heshima.

Baridi ya mwezi wa sita imetufundisha kitu kingine. Tuliingiza jiko la mkaa godauni, tukafunga mlango, na nusu saa baadaye wawili wakashikwa na kichwa na kichefuchefu. Ule moshi usioonekana unaua. Jiko limetoka moja kwa moja. Sasa kupasha mwili ni dakika 45 badala ya 25, na blanketi za kuvaa pembeni.

5 Julai. Karatasi

Kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na barua ya afisa utamaduni wa jiji: anza miezi miwili kabla, usisubiri. Mkataba wa kila mtunzi ni ukurasa mmoja: 500,000, kazi inabaki yake, sisi tunaruhusiwa kuionyesha miaka miwili. Dada wa Iringa alitaka kipande cha piano cha Debussy, mtunzi wa muziki wa Ufaransa. Debussy alifariki 1918, utunzi wake hauna tena wa kumdai, lakini rekodi ina mwenyewe. Tukaacha rekodi, tukamchukua mpiga zeze, na sasa siwezi kuiwazia kazi ile bila zeze.

20 Julai. Usiku wa kwanza

Watu wazima 172 kwa 5,000, watoto 61 kwa 1,000.

Kosa la kwanza liligundulika dakika ya kwanza: jukwaa letu liko chini, na kuanzia safu ya nne hakuna aliyeona miguu. Baleti bila miguu ni nusu ya habari.

La pili sikulifikiria kabisa, na nilipaswa, kwa sababu nimekulia hapa. Katikati ya kazi ya vikapu, msichana wa kushoto akiwa juu ya mguu mmoja, mikono imefunguka, zeze limebaki na uzi mmoja, mama mmoja mwenye kitenge cha bluu alinyanyuka safu ya mbele. Alipanda kwenye kapeti na viatu vyake vya visigino, akacheza taratibu hadi kwa msichana, akambandika noti ya 2,000 kwenye paji la uso. Vigelegele vikalipuka. Wengine watano wakafuata. Msichana hakuteremka. Nilikuwa pembeni, nikauona msuli wa shavu la mguu wake ukitetemeka, na noti ikiwa imeng'ang'ania jasho, na macho yake yakiwa mbele. Alimaliza hesabu zote nane.

Noti nyingine zilianguka sakafuni. Mwenzake alikanyaga moja kwa ncha, akateleza, akapiga goti. Aliinuka, hakuumia. Zilizookotwa zilikuwa 87,500.

Usiku ule tulikaa na mtunzi hadi saa saba. Kuna waliosema tuweke tangazo la kukataza kutuza. Nilikataa, na dada alikataa kabla yangu. Mtu anayeinuka kwenda kumtuza mchezaji ameguswa, na anasema hivyo kwa namna aliyofundishwa na mama yake. Hatuwezi kumwalika mtu kwenye dansi ya kwake kisha tumkaripie kwa kuwa wa kwake.

27 Julai. Usiku wa pili

Safu za mbele zimekuwa mikeka, nyuma yake mabenchi (zile mbao mbichi), kisha viti, mwisho waliosimama. Kila mtu aliona miguu.

Kazi ya vikapu imepata mwisho mpya. Mchezaji anayeongoza anashuka kwenye ncha, anachukua kikapu cha kweli cha milulu, anakiweka ukingoni mwa kapeti, anarudi nyuma, na zeze linaendelea. Mshereheshaji alieleza mwanzoni: kikapu kikishuka, njooni. Walikuja kwa foleni, wakicheza, wengine na watoto mgongoni, na wachezaji watatu wakaendelea kusuka nyuma yao. Ilichukua dakika sita. Bibi mmoja alitia noti yake, akabaki pale ukingoni akimwambia msichana, "Ndaga fijo, ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mpaka mjukuu wake alipokuja kumshika mkono.

Watu wazima 238, watoto 84. Kikapuni 214,000.

12 Agosti. Hesabu

Kodi ya miezi saba 1,050,000, sakafu 1,945,000, kapeti 270,000, watunzi 1,500,000, nauli na malazi yao 640,000, viatu na rangi yake 438,000, maleba 380,000, wapiga muziki 300,000, kukodi taa na spika 400,000, vibali na matangazo 210,000, nauli na chakula cha wachezaji 900,000. Jumla 8,033,000.

Viingilio 2,195,000, tuzo 301,500, michango ya wazazi na marafiki 3,100,000. Jumla 5,596,500. Pengo la 2,436,500 nimelijaza kwa ada za madarasa yangu ya watoto, na sitaweza kulijaza hivyo mwaka ujao. Mwaka ujao sakafu haitanunuliwa tena, hilo linapunguza mengi. Watunzi nitawalipa zaidi. 500,000 kwa kazi ya miezi mitatu ni ndogo, nao walinihurumia.

30 Agosti. Kuelekea Iringa

Tumealikwa Iringa kwa usiku mmoja. Leo tumefungua sakafu kwa mara ya kwanza: watu sita, saa mbili na dakika kumi. Tulisahau kuandika namba upande wa chini, kwa hiyo fundi alipita na chaki kabla ya kipande chochote kuinuliwa, akaweka na mshale wa kuonyesha upande wa watazamaji. Vipande 16 vimeingia kwenye Fuso vikiwa vimesimama, blanketi za mazoezi katikati yake.

Tulipogeuza namba 11 tuliona kwa nini haikuwahi kunyamaza. Kipande kimoja cha ndala hakikugundishwa. Kimekuwa kikisogea chini ya ubao tangu mwezi wa tatu. Yule mdogo wetu ndiye aliyekiokota. Fundi anatengeneza gundi sasa hivi, na dereva amesema ataondoka saa kumi alfajiri.